Matundu ya skrubu yaliyolegea kwenye sakafu ya boti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sakafu ya boti huanza kulalamika chini ya mguu kabla jicho halijaona kitu. Unakanyaga karibu na tezi (nyuma ya boti), ubao unacheza kidogo, unasikia mlio mkavu. Ukiinama unakuta kichwa cha skrubu kimeinuka kwa unene wa ukucha. Unaleta bisibisi, unazungusha, na skrubu inazunguka tu. Maswali mengi ninayopata kuhusu sakafu huanzia hapo, na majibu yake nimeyaweka hapa.

Skrubu inazunguka haikamati. Nianze na nini?

Itoe, kisha uiangalie kabla hujaangalia tundu. Skrubu iliyotoka kwenye mbao nzima huja na vumbi kavu kwenye uzi wake (ile michongo inayouzunguka mwili wa skrubu), rangi ya mbao yenyewe. Iliyotoka kwenye mbao inayooza huja na kitu kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa: cheusi, chenye unyevu, chenye harufu ya uyoga. Iliyokuwa ikilika kwa kutu huwa nyembamba kiunoni, chini kidogo ya kichwa.

Hali hizo tatu zina tiba tatu tofauti. Fundi anayekimbilia gundi bila kuitazama skrubu anaweza kuziba tundu vizuri kabisa ndani ya mbao iliyokwisha kufa, na baada ya msimu mmoja tundu lile lile litalegea tena.

Tundu linakufa uzi kwa sababu gani?

Sababu kubwa ni maji. Mbao ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa, na kila mara skrubu inabanwa na kuachiwa. Uzi uliochongwa ndani ya mbao unasagika polepole mpaka unabaki unga.

Nyingine ni mkono wa fundi. Drili ya umeme ikiachwa na nguvu yake yote huendelea kuzungusha baada ya kichwa kukaa mahali pake, na mzunguko mmoja tu wa ziada watosha kung'oa uzi wote. Mizunguko miwili ya mwisho ifanye kwa bisibisi ya mkono. Utasikia kwenye kiganja mahali pa kuacha.

Halafu kuna kosa ambalo wengi hawalijui. Tundu la ubao wa juu linapaswa kuwa pana kiasi cha skrubu kupita bila kushika, na uzi ushike kwenye taruma (mbao ya chini inayobeba sakafu) au mhimili wa chini peke yake. Uzi ukishika juu na chini kwa pamoja, ubao hauvutwi ukakaa. Unabaki umening'inia juu ya mhimili kwa upenyo mdogo, kila hatua inaupiga, na kila pigo linalegeza tundu. Kwa hiyo kabla ya kutengeneza, hakikisha ni tundu la chini ndilo lililokufa. Nimeona watu wakijaza gundi tundu la juu ambalo halikuwa na ubaya wowote, na kuliacha la chini lenye ugonjwa.

Nitajuaje kama mbao imeoza au imelegea tu?

Chukua msumari mkali au bisibisi nyembamba, uchome pembeni mwa tundu. Mbao nzima inakataa, na ukilazimisha kuinua kipande kinabanduka kibanzi kirefu chenye nyuzi. Mbao iliyooza inapokea msumari kama mkate, na kipande kinachotoka kinakatika kifupi bila mlio. Kisha gonga sakafu kwa mpini wa nyundo ukisogea kutoka kwenye tundu kwenda nje. Sauti kavu na kali ni nzuri. Sauti ikigeuka nzito na ya kufifia, weka alama ya chaki. Ukiziunganisha alama unapata ramani ya kuoza.

Kwenye plaiwudi angalia pia kama tabaka zimeachana. Ubao unaweza kuwa mgumu juu na tumboni umefunguka kama kitabu kilicholowa. Skrubu haiwezi kushika humo hata ukiimwagia gundi ya aina gani.

Kuoza kukiishia kwenye duara dogo linalozunguka tundu, chimba mpaka ufikie mbao nzima, kisha ujaze. Kukizidi upana wa kiganja, kata kipande chote na uweke kipya. Kuna rezini nyembamba (gundi za majimaji zinazoganda) zinazouzwa kwa ajili ya kunyweshwa mbao iliyooza ili iwe ngumu. Zinaigumisha kweli, lakini nguvu ya kushika skrubu hairudi kama ya mbao nzima, nami sizitegemei mahali panapokanyagwa.

Kwa nini kuoza huanzia kwenye skrubu, hata kwenye boti isiyovuja?

Kwa sababu maji yanayoozesha mara nyingi yanatoka juu. Watu wanaogopa maji ya bahari, lakini chumvi huwazuia kuvu wa kuozesha mbao. Maji ya mvua ndiyo yanayokula sakafu. Yanasimama juu ya ubao, yanatafuta mahali pa kushukia, na kichwa cha skrubu kisichozibwa ni mlango wazi. Yanashuka kando ya uzi mpaka kwenye taruma, yanakaa humo gizani bila hewa kupita. Mbao ikibaki na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu wana kila wanachohitaji.

Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kuziba tundu, tafuta maji yalikopitia. Angalia ngama (nafasi ya chini kabisa ndani ya boti) imekauka au ina maji yaliyosimama, matundu ya kutolea maji yameziba au yako wazi, turubai inamwaga maji nje au katikati ya sakafu.

Mbao iwe kavu kiasi gani?

Kwa epoksi, gundi inayochanganywa kwa rezini na kigumishi, unyevu wa asilimia 12 au chini yake ndio mzuri. Kama huna kipimo, bandika kipande cha nailoni angavu juu ya sehemu hiyo, uzibe kingo zote kwa selotepu, uache jua lipige mchana mmoja. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, bado mapema.

Boti iliyokuwa kwenye maji ya chumvi isuuzwe kwanza kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi iliyobaki ndani ya tundu huvuta unyevu wa hewani, na utangoja mbao ikauke bila mwisho. Baada ya kusuuza, acha skrubu zikiwa zimetolewa, inua mbao zinazoinuka, hewa ipite juu na chini. Siku kadhaa za kungoja zinakera. Lakini gundi iliyowekwa kwenye mbao mbichi itakulazimisha kuifanya kazi hiyo upya.

Je, si rahisi kuweka skrubu nene zaidi, au ndefu zaidi?

Ni rahisi, na wakati mwingine ni sahihi. Mbao ikiwa nzima na taruma likiwa na kina, skrubu ndefu zaidi itafikia mahali ambapo uzi haujawahi kugusa. Kipimo ninachotumia: theluthi mbili za urefu wa skrubu ziwe ndani ya mbao ya chini.

Skrubu nene zaidi ina hatari zake. Inapasua taruma jembamba, hasa karibu na mwisho wa mbao, na kichwa chake kikubwa hakikai vizuri kwenye shimo la zamani. Ukiongeza unene mara moja ni sawa. Ukishaongeza mara mbili kwenye tundu lile lile, umebakisha mbao kidogo mno. Na kabla ya kuongeza urefu, jua kilichoko chini. Nitalirudia hili mbele, kwa sababu watu wametoboa matangi.

Njiti za kiberiti na gundi zinafaa?

Kwa mlango wa kabati nyumbani, ndiyo. Kwa sakafu ya boti, zinafaa kukufikisha bandarini tu. Njiti ni mbao laini, zinanyonya maji, na kati ya moja na nyingine kunabaki nafasi ambazo gundi haifiki. Kama umekwama njiani na ubao umeinuka kiasi cha kumkwaza mtu, jaza njiti, rudisha skrubu, endelea na safari. Ukifika, zitoe.

Nimesikia nichonge kigingi cha mbao nikigongomee. Ni njia nzuri?

Nzuri sana, ukijua kigingi kikatwe vipi.

Kijiti cha mviringo cha kununua kina mishipa ya mbao inayokwenda kwa urefu wake. Ukikigongomea kwenye tundu, mishipa yote inasimama wima, na skrubu inaingia katikati yake kama njiti inayochomekwa kwenye fungu la ufagio. Badala ya kukata mishipa na kushika, uzi unaitenganisha tu. Skrubu itakaza mwanzoni, na siku ya kwanza ya mawimbi itaanza kupanda.

Kigingi cha kushika skrubu kinapaswa kukatwa kutoka ubavuni mwa ubao, ili mishipa yake ilale kukingama na skrubu. Iko biti yenye tundu katikati inayokata vigingi vya namna hiyo. Ukikiweka, geuza kigingi mpaka mishipa yake ifuate mkondo wa taruma, kwa sababu hapo vyote viwili vitavimba na kusinyaa kuelekea upande mmoja. Tumia mbao ya aina ile ile, au ngumu zaidi kidogo. Paka epoksi ndani ya tundu na kwenye kigingi, gonga taratibu mpaka gundi ichomoze pande zote, acha kikae usiku mzima, kisha sawazisha kwa patasi kali.

Udhaifu wake ni kwamba kigingi cha namna hii ni kifupi. Tundu likiwa na kina kirefu, epoksi ni bora.

Nifanyeje hatua kwa hatua kwa epoksi?

Hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi kwa sakafu, basi nitaieleza kwa urefu.

Panua tundu. Hapa ndipo watu wanasita, kwa sababu wamekuja kuziba nao wanaambiwa watoboe zaidi. Lakini mbao iliyozunguka uzi uliokufa imesagika, na gundi inayoshika unga haishiki kitu. Kwa skrubu ya milimita 4, toboa kwa biti ya milimita 8, kina kizidi urefu wa skrubu kwa milimita chache. Zungusha selotepu kwenye biti kuonyesha mahali pa kuishia. Toa unga wote kwa kupuliza au kwa mashine ya kuvuta vumbi. Kama tundu limetokeza chini, lizibe huko kwa selotepu, la sivyo gundi yako yote itaishia kwenye ngama.

Changanya rezini na kigumishi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, bila kukisia. Epoksi haiharakishwi kwa kuongeza kigumishi. Kila sehemu ya rezini inahitaji kiasi chake kamili, na kilichozidi kinabaki laini ndani ya tundu milele. Koroga dakika mbili nzima, ukikwangua kingo na kitako cha kikombe.

Mara ya kwanza paka epoksi tupu, nyembamba kama ilivyo. Ingiza kijiti chenye pamba au brashi ndogo, lowesha kuta za tundu mpaka zing'ae. Ngoja dakika chache uangalie tena. Utakuta kuta zimefifia, kwa sababu mbao imekunywa. Paka tena. Ukiruka hatua hii na kutia epoksi nzito moja kwa moja, mbao itanyonya rezini kutoka kwenye ujazo na kuuacha mkavu mahali hasa unapotakiwa kushikana.

Kisha ongeza unga wa kukaza kwenye epoksi iliyobaki. Unga wa silika ni mzuri, nyuzi za pamba zilizosagwa ni nzuri, na hata unga laini wa mbao unafaa. Usitumie ule unga mwepesi wa kusawazishia rangi, kwa sababu umetengenezwa ili usagike kwa msasa na uzi wa skrubu utausaga vilevile. Koroga mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, isiyomwagika ukiinamisha kijiti. Itie kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, lenye mdomo uliokatwa upana kidogo, uingize mdomo mpaka chini ya tundu, usukume huku ukipanda. Ukijazia juu, hewa inanaswa chini na skrubu itaangukia kwenye pengo.

Acha ikauke. Joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, muda wa kukauka hupungua karibu nusu, na baridi nayo hurefusha hivyo hivyo. Usiache mchanganyiko mwingi ndani ya kikombe kimoja. Unajipasha moto wenyewe na unaweza kutoa moshi.

Siku inayofuata, ukucha usipoacha alama, osha juu kwa maji na kitambaa kigumu kabla ya kupiga msasa. Epoksi nyingi huacha utando wa kuteleza unaoyeyuka kwa maji, na ukiupiga msasa unausambaza tu. Toboa katikati tundu jipya la milimita 3 kwa skrubu ile ya milimita 4. Epoksi haibonyei kama mbao, hivyo tundu dogo mno litakuvunjia skrubu. Sugua uzi kwa nta ya mshumaa, kaza kwa mkono.

Vaa glavu tangu mwanzo. Epoksi ikikugusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuikataa ghafla, na baada ya hapo hata tone dogo linakuwasha. Siki husafisha vifaa, lakini usijioshee ngozi nayo; tumia sabuni na maji.

Gundi nyeupe ya seremala haitoshi?

Haitoshi. Inahitaji mbao zilizobanana, na tundu lililokufa ni pengo. Hata zile zilizoandikwa kuwa hazipati madhara ya maji hazikukusudiwa mbao inayolowa kila wiki. Gundi inayovimba kama povu inajaza tundu vizuri kwa macho, lakini povu halina nguvu. Rezini ya poliesta, ile inayotumiwa na faibaglasi, hushikana vibaya na mbao ikilinganishwa na epoksi.

Nirudishe skrubu za aina gani?

Mahali pakavu panapopata hewa, chuma kisichoshika kutu kinafaa, na daraja la 316 linavumilia chumvi kuliko la 304. Lakini ndani ya mbao iliyolowa bila hewa chuma hicho hicho huliwa vishimo vidogo, kichwa kikibaki kinang'aa na shingo imekwisha. Kwa mbao zinazokaa majini, shaba iliyochanganywa na silikoni ndiyo inayodumu.

Shaba ya njano iepuke. Chumvi huitoa zinki iliyomo, inabaki ya waridi na inavunjika kama biskuti. Skrubu za chuma cha kawaida nazo huiharibu mbao yenyewe: kutu inapoenea, mbao ya kandokando inageuka nyeusi na laini.

Tundu la kiti limelegea. Nijaze epoksi?

Tafadhali usikomee hapo. Kiti chenye mguu mmoja kinafanya kazi kama mtaimbo. Mtu akiegemea nyuma boti ikiruka, skrubu za mbele zinavutwa kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake, naye anaweza kujikuta nje ya boti. Toboa mpaka chini, weka bolti zinazopita, chini yake bamba au kipande cha plaiwudi nene, washa (pete bapa) pana na nati za kujifunga. Kama huwezi kufika chini, kata mlango mdogo wa kufikia. Ndilo eneo pekee ambalo sikubali njia ya mkato.

Kifuniko cha ngama nakifungua kila mara, na kila baada ya muda matundu yanakufa.

Skrubu ya mbao haikukusudiwa kufunguliwa kila wiki. Weka kikombe cha shaba chenye uzi ndani, kinachokazwa kwenye mbao mara moja kwa epoksi, kisha kifuniko kishikwe na bolti ndogo. Chuma kinakutana na chuma na mbao inapumzika.

Sakafu yangu ni ya mbao lakini boti ni ya alumini. Kuna tofauti?

Ipo. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ikikutana na alumini kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Tenganisha kwa gundi ya kuzibia au grisi ya kazi hiyo, na washa za plastiki. La muhimu zaidi, usiweke plaiwudi iliyotiwa dawa yenye shaba. Shaba inayochuruzika kutoka humo hutoboa alumini. Plaiwudi ya baharini isiyo na dawa, iliyopakwa epoksi pande zote na kingo zote, ndiyo salama.

Skrubu imekatikia ndani.

Chukua kipande cha bomba jembamba la chuma, kichonge meno mdomoni kwa tupa, ukiweke kwenye drili na ukate mbao kuizunguka skrubu. Inatoka na kigogo chake. Shimo lililobaki ni safi, tayari kwa kigingi au epoksi. Ile iliyogandishwa na epoksi ya zamani, ncha ya chuma cha kulehemu risasi ikikaa kwenye kichwa chake dakika moja au mbili, gundi inalainika na skrubu inazunguka.

Chini ya sakafu kuna tanki la mafuta.

Basi hakuna drili mpaka umeona kwa macho. Fungua kifuniko cha karibu, tazama kwa tochi na kioo kidogo, pima kina kutoka juu ya sakafu, toa unene wa ubao. Fuatilia pia nyaya na mipira ya mafuta, kwani mara nyingi hufungwa ubavuni mwa mihimili. Ukisikia harufu ya petroli, pitisha hewa na uitafute chanzo chake kwanza. Drili ya umeme hutoa cheche.

Nizibe nini chini ya vichwa?

Gundi ya kuzibia ya poliurethani au ya polisalfaidi, tone dogo kwenye shimo la kichwa, skrubu ikazwe mpaka ichomoze kidogo. Silikoni siipendi kwenye mbao. Inaacha mafuta ambayo rangi na epoksi havitashika, na fundi atakayekuja baada yako atakwangua sana.

Mstari mzima wa skrubu umelegea. Nitengeneze moja moja?

Skrubu moja ikilegea ni tundu. Mstari mzima ukilegea, ulizia taruma. Inua ubao ulio juu yake, upitishe msumari kwa urefu wote, hasa pale linapokutana na ubavu wa boti ambapo maji hutuama. Likiwa zima, usitumie matundu ya zamani hata kidogo: yajaze yote kwa epoksi kuzuia maji, kisha toboa mapya sentimita 3 au 4 kando, ukiyapishanisha huku na huku ili yasifuate mshipa mmoja na kulipasua. Likikutwa limeoza, acha sakafu wazi kama ilivyo, kazi yako sasa ni taruma.